Mali bila Daftari: Fedha za Korona na Majina ya Wakulima

Shangazi yangu ni mjane mwenye ekari moja na nusu ya shamba huko magharibi ya Kenya. Hulima mahindi na maharagwe, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na katika maisha yake yote hajawahi kuidai serikali chochote isipokuwa kitambulisho kilichopotea. Katikati ya mwaka wa 2020, mzee wa kijiji alipita nyumbani kwake, akachukua nakala ya kitambulisho hicho pamoja na nambari ya simu, akamweleza kwamba serikali inawaandika wakulima watakaosaidiwa kwa sababu ya korona. Shangazi akaandikwa, akangoja. Mvua za vuli zikaja zikapita. Msimu wa upanzi wa mwaka uliofuata ukafika na simu yake bado iko kimya. Nilipomtembelea, hakuniuliza kwa nini hakulipwa. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, wewe umesoma ukamaliza. Hebu niambie, jina langu lilifika au halikufika?"

Nina shahada ya uzamifu, na nimewafundisha vijana wa chuo kikuu masuala ya utawala kwa miaka mingi, lakini swali hilo sikuweza kulijibu. Ndilo lililonifanya niandike makala haya, hata kama maradhi yenyewe yamekwisha kuwa hadithi ya zamani kwa wengi wetu.

Tuanze na yale yaliyotangazwa, maana matangazo hayakukosekana. Tarehe 23 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alilitangazia taifa mpango wa kufufua uchumi wenye vipengele vinane, uliogharimu shilingi bilioni 53.7. Hali ya wakulima wakati huo ilikuwa ya kusikitisha kweli. Kafyu ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi; masoko mengi ya wazi yalikuwa yamefungwa; tangu mwanzo wa Aprili watu walikuwa wamezuiwa kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kwale na Kilifi. Lori la kabichi lingeweza kupita, lakini mama aliyezoea kuja kuichuuza kabichi hiyo mjini hangeweza. Kule Naivasha, mawaridi yaliyokuwa yasafirishwe Ulaya yalitupwa kama takataka. Na juu ya hayo yote, nzige wa jangwani walikuwa wameivamia nchi kwa wingi ambao kizazi kizima hakikuwahi kuushuhudia. Kwa hiyo sina ugomvi na uamuzi wa kuwasaidia wakulima. Katika tangazo hilo, shilingi bilioni 3 zilitengewa pembejeo, zitolewe kwa vocha za kielektroniki kwa wakulima wadogo 200,000. Shilingi bilioni 1.5 nyingine zilitengewa wakuzaji wa maua na mazao ya bustani ili waendelee kuyafikia masoko ya ng'ambo.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Bilioni 3 ukizigawa kwa watu 200,000, kila mmoja anapata shilingi 15,000. Kwa mwenye ekari moja, hizo si haba: ni mbegu, mbolea ya kupandia na pengine ya kukuzia. Sasa tuitazame hesabu ya pili, ambayo haikutajwa kwenye hotuba. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba kaya zinazojihusisha na kilimo nchini Kenya ni zaidi ya milioni 6. Maana yake ni kwamba vocha ile ilimkusudia takriban mkulima mmoja kati ya kila 30. Ukisimama sokoni kijijini kwetu siku ya gulio ukahesabu watu 30, mmoja tu ndiye aliyelengwa. Ni yupi? Na nani aliyemwonyesha kidole na kusema ni huyu?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Msaada unaomfikia kila mtu hauhitaji orodha. Kila mtu anajua kwamba yumo. Msaada unaomfikia mmoja kati ya 30 ni uteuzi, na uteuzi wa siri unaofanywa kwa fedha za umma hauna tofauti kubwa na zawadi ambayo mwenye nyumba humpa amtakaye. Serikali ilitupa jumla ya fedha, ikatupa idadi ya watu. Jina la mtu na kijiji chake ndivyo ambavyo shangazi hakupewa pa kuviona, ilhali kwake yeye idadi isiyo na majina ni habari ya redioni tu.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ila katika suala hili daftari lilikuwapo, na hili ndilo linalonikera zaidi. Vocha ya kielektroniki ni fedha isiyogusa mkono wa mkulima: huja kwenye simu yake, naye huenda nayo katika duka la pembejeo lililoidhinishwa, akachukua mbolea na mbegu, kisha mwenye duka akalipwa. Kila hatua ya safari hiyo huacha alama. Kuna aliyeandika jina, kuna mtambo uliotuma ujumbe, kuna duka lililotoa mfuko, kuna benki iliyomlipa mwenye duka. Zamani karani angeweza kudai kwamba panya wameila karatasi. Katika enzi ya vocha za simu, asiyetaka kuionyesha orodha hawezi kusingizia panya.

Niruhusu, msomaji, nikae kidogo dukani. Mazungumzo yetu kuhusu uwazi huishia kwa mkulima aliyepokea, kana kwamba yeye ndiye mshukiwa. Mkulima wa vocha ya shilingi 15,000, hata akiwa amependelewa, amepata mifuko michache ya mbolea. Mwenye duka aliyeidhinishwa kuwahudumia wakulima 1,000 wa aina hiyo amepata mauzo ya shilingi milioni 15 kwa msimu mmoja, na wateja ambao hawana ruhusa ya kwenda kwingine hata wakiona bei yake ni ya juu. Kwa hiyo kama ningelazimika kuchagua orodha moja tu ya kubandikwa ukutani, ningeanza na ya maduka: ni yapi, ni ya nani, yalichaguliwaje, na mfuko mmoja uliuzwa kwa bei gani. Vivyo hivyo kwa zile bilioni 1.5 za maua na mazao ya bustani. Hizo ni nusu ya fungu zima la wakulima wadogo 200,000, na zililenga sekta ambayo makampuni makubwa ndiyo yenye sauti. Kampuni haina mke mwenye wivu wala jirani wa kuikopa. Jina lake likichapishwa pamoja na kiasi ilichonufaika nacho, hakuna faragha ya mtu iliyovunjwa.

Naligusia neno faragha makusudi, kwa kuwa ndilo nililojibiwa nalo. Baada ya shangazi kuniuliza swali lake, nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kumtafutia jibu. Nilipokewa kwa heshima na kupewa kiti. Nikaambiwa kwamba orodha iko Nairobi. Nilipouliza Nairobi kwa simu, nikaambiwa kwamba orodha zote zilitoka mashinani. Nilipong'ang'ana, afisa mmoja kijana, mwenye adabu sana, akaniambia: "Daktari, hizo ni data za watu. Sheria haituruhusu."

Sheria aliyoitaja ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019, miezi michache tu kabla ya korona, na Katiba yenyewe katika kifungu cha 31 inamlinda kila mtu dhidi ya kuanikwa mambo yake ya faragha. Nisingependa kuibeza hoja hii. Kijijini, mtu akijulikana kwamba amepata fedha, shemeji atakuja kukopa, na pengine mwizi naye atakuja bila kupiga hodi. Lakini sheria hiyohiyo inakubali data zitumiwe pale ambapo kuna wajibu wa kisheria au jukumu linalotekelezwa kwa manufaa ya umma. Na Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na katika kifungu cha 201 inataka uwazi na uwajibikaji katika masuala yote ya fedha za umma. Afisa wangu kijana alikuwa ameisoma Katiba kwa jicho moja.

Jambo hili si geni duniani, na kwa bahati nzuri waliotangulia kulitolea jasho walikuwa wakibishana kuhusu wakulima hasa. Umoja wa Ulaya huwalipa wakulima wake ruzuku kubwa, na kwa muda fulani kanuni zake zilitaka majina ya wapokeaji wote yachapishwe mtandaoni. Wakulima wawili wa jimbo la Hessen, Ujerumani, mmoja wao akiwa ni shirika la ubia, walikwenda mahakamani kupinga. Tarehe 9 Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ijulikanayo kwa jina la Schecke. Haikusema kwamba malipo ya wakulima ni siri. Ilisema kwamba kuchapisha jina la kila mtu binafsi, bila kutofautisha aliyepata kidogo na aliyepata kingi, aliyepata mara moja na anayepata kila mwaka, ni kuvuka kipimo. Wenzetu hao hawakuichukua hukumu hiyo kama ruhusa ya kulifungia daftari sandukuni. Mwaka wa 2013 walitunga kanuni mpya: majina yanachapishwa tena, pamoja na eneo la mpokeaji na kiasi alicholipwa, ila wale wanaopokea kiasi kidogo sana, chini ya kiwango kilichowekwa, majina yao hayatajwi.

Kanuni hiyo naiona kuwa ya busara, na inaafikiana na yale niliyosema kuhusu maduka na makampuni. Kadiri fedha ya umma uliyopokea inavyokuwa nyingi, ndivyo pazia lako linavyopaswa kuwa fupi. Kwa mkulima wa shilingi 15,000, hakuna haja ya jina lake kusomwa na mtu aliyeko Dubai. Lakini panapaswa pawe na mahali ambapo majirani zake wanaweza kulisikia. Jina na kijiji vinatosha. Nambari ya kitambulisho na ya simu zifunikwe. Sisi tunapo mahali hapo tangu zamani: baraza la chifu. Majirani zetu wa Tanzania, kupitia mpango wa TASAF wa kuzinusuru kaya maskini, huipeleka orodha ya kaya zilizopendekezwa mbele ya mkutano wa kijiji ili wanakijiji waijadili. Utaratibu huo una kasoro zake, na wenye sauti kubwa mkutanoni husikika kuliko wengine. Hata hivyo, mama aliyeachwa anatoka mkutanoni akijua kwamba ameachwa, na anajua ni nani wa kumuuliza.

Wako watakaosema kwamba uwazi haumlishi mtu. Ni kweli kwa kiasi, na Marekani ni mfano mzuri. Huko, Aprili 2020, serikali ilitangaza mpango wa kuwanusuru wakulima dhidi ya korona, ambamo dola bilioni 16 zilikuwa za malipo ya moja kwa moja. Kumbukumbu za malipo ya kilimo nchini humo hufikiwa na umma, na kwa miaka mingi shirika la kiraia la Environmental Working Group limekuwa likiziweka mtandaoni, mpokeaji kwa jina lake. Machi 2021, Waziri wa Kilimo Tom Vilsack alisema hadharani kwamba katika mabilioni ya fedha za korona zilizotolewa kwa wakulima chini ya serikali iliyotangulia, wakulima weusi walipata asilimia 0.1 tu. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuwafutia madeni wakulima wa jamii zilizobaguliwa. Wakulima weupe wakaenda mahakamani, mahakama zikasimamisha utekelezaji wake, na mwaka uliofuata sheria hiyo ikafutwa na kuwekewa nyingine badala yake. Kwa hiyo ile asilimia 0.1 haikumlipa mtu papo hapo. Lakini ilitajwa, na waziri mwenyewe ndiye aliyeitaja, kwa sababu kulikuwa na rekodi za kuihesabia. Sisi tukiulizwa leo ni asilimia ngapi ya wale 200,000 walikuwa wajane, nani atasimama aseme?

Wala tusidanganyane kwamba serikali yetu haijui kuchapisha. Mwishoni mwa Agosti 2020, wakati kashfa ya ununuzi wa vifaa vya korona katika mamlaka ya usambazaji dawa, KEMSA, ilipokuwa imewapandisha wananchi hasira, Rais aliiagiza Wizara ya Afya iandae ndani ya siku 30 utaratibu wa kuweka hadharani taarifa za zabuni hizo. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali ukabainisha ukiukaji uliohusu takriban shilingi bilioni 7.8. Barakoa zikawa na daftari la wazi, au angalau amri ya kulifungua, kwa sababu ziliwaudhi watu wa mjini wenye simu za kisasa na muda wa kupiga kelele. Mbolea haikupata kelele hizo.

Gharama ya ukimya huo si ya fedha peke yake, na sehemu kubwa yake haimo katika ripoti ya mkaguzi yeyote. Mwanzoni mwa 2021, jirani wa shangazi, mwanamke waliyekuwa wakipaliliana mashamba kwa zamu tangu wakiwa wasichana walioolewa karibuni, aliezeka jiko lake kwa mabati mapya. Shangazi akakata shauri kwamba jirani yule ndiye aliyepata vocha, na kwamba mzee wa kijiji ni binamu yake. Msimu huo hawakupaliliana. Haikumjia akilini kwamba vocha ya pembejeo hainunui mabati. Asiyejua mpango wenyewe ni upi atajuaje masharti yake? Katika miezi ile kulikuwa na vocha za wakulima, kulikuwa na msaada kwa walioharibiwa mazao na nzige, kulikuwa na fedha za wazee na wasiojiweza, na mzee wa kijiji alikuwa ameandika tu "msaada wa korona". Miaka miwili baadaye ilibainika katika mazungumzo ya msibani kwamba jirani yule alikuwa ameuza mtamba. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu ingeokoa palizi ya misimu minne.

Ninayasema haya leo kwa sababu daftari limekua. Tangu mpango wa mbolea ya ruzuku uanze mwaka wa 2022, mfuko wa kilo 50 ukiuzwa kwanza kwa shilingi 3,500 na baadaye 2,500, serikali imewasajili wakulima kwa mamilioni katika mtambo wa kidijitali: jina, simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake, zao linalolimwa. Mwaka wa 2024 ilipogunduliwa kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kupitia mpango huo haikuwa mbolea ya kweli, na serikali ikaahidi kuwafidia walioinunua, swali lilelile la shangazi lilirudi: aliyenunua ni nani, na jina lake limefika? Kila janga lijalo, liwe mafuriko, ukame au maradhi mengine, litapita katika sajili hiyohiyo. Mkulima amefunguliwa kitabu ambamo serikali inamwona mzima mzima, naye hana hata tundu la kuchungulia ukurasa wake mwenyewe.

Kwa kijana yule wa ofisini, na kwa kila msomaji mwenye shangazi, nikumbushe Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016. Raia anaweza kuiandikia ofisi ya umma akiomba habari, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria imekitaja Kiswahili kwa jina. Halazimiki kuwa na sababu ya kuwaridhisha wakubwa. Asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na ofisi ile ile anayoiomba. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na likikosekana, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mwezi uliopita niliketi na shangazi sebuleni mwake tukaandika barua yenye maombi matatu: kujulishwa kama jina lake liliandikwa katika mpango wowote wa msaada kwa wakulima mwaka wa 2020 na ni upi, kupewa majina na vijiji vya walionufaika katika wadi yake, bila nambari za simu wala za vitambulisho, na kupewa majina ya maduka ya pembejeo yaliyoidhinishwa pamoja na kiasi yaliyolipwa. Nilimsomea mara mbili. Akaichukua kalamu atie sahihi, kisha akasita, akaniambia niongeze ombi la nne: aliyeiandika orodha ni nani, na aliyeipitisha ni nani. Nikaliongeza. Tuliipeleka pamoja, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ameiweka ndani ya Biblia, pamoja na kitambulisho.